Chetezo Kwanza, Chungu Baadaye

Jumamosi ni siku ya gulio Lyulilo, karibu na Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Vyungu huja kwa maji. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na Milima ya Livingstone, huvipakia mitumbwini na kuvishusha ufukweni, navyo hupangwa chini kungoja wateja. Mnunuzi anayevijua vyungu hadanganywi na rangi. Hukiinua kimoja, hukigonga kwa kifundo cha kidole, hutega sikio. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa mlio uliokufa, kama wa ubao, kina ufa mahali fulani hata kama jicho haliuoni.

Vyombo hivyo hufinyangwa bila gurudumu la mfinyanzi. Vivyo hivyo vyungu vya Wapare, vya Wakamba, vya Waluo wa Siaya, na vya Watwa wa Rwanda na Burundi. Gurudumu ni chombo cha kasi: humfaa mtu anayetaka vikombe hamsini vinavyofanana kabla ya adhuhuri. Anayetaka chetezo cha udi sebuleni, mtungi wa maji kwenye kona ya jikoni na vyungu viwili vya maua barazani hana haja nalo. Tena gurudumu lina kiburi chake. Mwanafunzi anaweza kumaliza wiki nzima akihangaika tu kuliweka bonge katikati lisiyumbe, ilhali anayefinyanga kwa mikono humaliza siku ya kwanza akiwa na chombo, hata kama kimepinda.

Wala asidhani mtu kwamba hii ni kazi ya daraja la pili. Ladi Kwali wa Nigeria, aliyezaliwa kijijini Kwali na kujifunza kwa jamaa zake, aliingia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954, mahali palipokuwa na magurudumu tele, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mikono. Mtungi ulikaa, yeye ndiye aliyezunguka. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Miongoni mwa waliokwenda Abuja kujifunza, mwaka 1974, alikuwa Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, ambaye vyombo vyake vyekundu na vyeusi vinavyong'aa vimewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Odundo naye hujenga kwa mikono.

Basi mikono si tatizo. Kinachomwangusha anayeanza ni haraka. Vyombo vingi vya mara ya kwanza havivunjiki kwa sababu vilifinyangwa vibaya. Huvunjika kwa sababu vilianikwa juani siku ya pili na kutiwa motoni siku ya tatu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na chetezo. Ni kidogo, hakihitaji kushika maji, kikiwa kinene hakuna atakayelalamika, na nyumba nyingi za pwani zina kazi nacho kila jioni. Chungu cha kupikia mchuzi wa samaki kitangoja.

Udongo na namna ya kuujua

Udongo mfinyanzi hupatikana kwenye kingo za mito, mabondeni, kwenye majaruba ya mpunga na hata kwenye vichuguu vya mchwa. Ondoa kwanza tabaka la juu lenye mizizi na majani yaliyooza. Unaofaa uko chini yake, mzito na wenye kunata. Mwenye shamba aombwe ruhusa. Shimo lichimbwe kutoka juu kwenda chini, na kingo zake ziwe za mteremko. Kuchimba kwa ubavu, kama panya anayetoboa ukuta, kunaacha dari la udongo juu ya kichwa cha mchimbaji, na dari hilo halitoi taarifa kabla ya kuanguka.

Kipimo cha kwanza ni cha dakika moja. Chukua kidonge, kiloweshe, kikande, kisha kiviringishe kiwe kamba nene kama penseli. Izungushe kamba hiyo kidoleni kama pete. Ikizunguka bila kupasuka, udongo una kinamo cha kutosha. Ikikatika vipande vipande, una mchanga mwingi mno. Tafuta mahali pengine, au uchanganye na udongo mwingine unaonata zaidi.

Kipimo cha pili huchukua siku kadhaa, na wengi hukiruka kwa hasara yao. Tengeneza bapa dogo la udongo uliokandwa, uchore juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, uliache kivulini hadi likauke kabisa. Pima tena. Mstari ukiwa umebaki na sentimita 9.3, udongo umenywea kwa asilimia 7, kiwango cha kawaida. Ukiwa umeshuka chini ya 9, chombo kitapasuka kikiwa bado rafuni, kwa sababu mdomo utakauka na kujikunja wakati kitako bado kimevimba kwa maji.

Dawa ya kunywea kupita kiasi ni chenga za vigae. Vyungu vilivyovunjika, au matofali ya kuchoma yaliyochomwa vizuri, hupondwa na kuchekechwa hadi zipatikane punje zinazolingana na mchanga mnene. Chenga hizo zimeshapita motoni, hazinywei tena. Zikitapakaa ndani ya udongo huuzuia usijikunje wote kwa pamoja, na huacha vinjia ambamo mvuke utatokea wakati wa kuchoma. Kikombe kimoja cha chenga kwa vikombe vinne vya udongo ni mwanzo mzuri. Mchanga wa mtoni nao unafaa.

Mchanga wa baharini haufai, na hapa mkazi wa Kigamboni au Nyali asikilize vizuri. Mchanga huo una vipande vya kombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa ghafi. Joto likikaribia nyuzi 800 za Selsiasi, vipande hivyo hugeuka chokaa hai. Chombo hutoka motoni kikiwa kizuri, kinapigwa picha, kinasifiwa. Kisha chokaa ile huanza kunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na baada ya siku chache ukuta wa chombo huanza kubanduka vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Hakuna gundi ya kutibu ugonjwa huo.

Udongo uliochimbwa huanikwa, hupondwa, hulowekwa ndooni siku mbili tatu, kisha huchujwa kwa chekeche au kipande cha chandarua kikuukuu ili mawe na mizizi vibaki nje. Uache utuame, mwaga maji ya juu, mimina tope zito kwenye foronya na uining'inize mtini hadi udongo ushikike bila kuganda viganjani. Ukipata nafasi ya kuulaza wiki kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki, kinamo huongezeka. Utanuka kidogo. Ni dalili njema.

Kisha unakandwa, kwa nguvu za mabega na si za vidole, juu ya ubao usioteleza: sukuma, kunja, geuza, sukuma tena. Kata bonge katikati kwa uzi wa nailoni utazame ndani. Pakiwa na matundu ya hewa au mabaka ya rangi mbili, endelea. Wapo wanaoamini kuwa tundu la hewa ndilo linalolipua chombo motoni. Tundu huleta udhaifu ukutani, hilo ni kweli, lakini mlipuko hasa huletwa na maji yaliyogeuka mvuke na kukosa njia ya kutokea. Chombo chenye tundu lakini kikavu kabisa hupona mara nyingi. Kisicho na tundu lakini kibichi ndani hakiponi.

Chetezo

Chukua bonge la ukubwa wa chungwa kubwa. Liviringishe kati ya viganja hadi liwe tufe, liweke kwenye kiganja cha mkono mmoja, na kwa dole gumba la mkono wa pili libonyeze katikati hadi ubaki unene wa kama sentimita moja chini. Sasa anza kuubana ukuta kati ya dole gumba ndani na vidole vingine nje, ukiligeuza kidogo kila unapobana: bana, geuza, bana, geuza. Anza chini, panda juu. Anayeanza na mdomo huupata ukiwa mwembamba na umetanuka kama ua kabla kitako hakijapata umbo.

Mdomo ukianza kufanya nyufa ndogo, paka maji kwa ncha ya kidole na uzisugue. Kwa ncha ya kidole tu. Udongo unaooshwa kila dakika hulegea, hushuka, na baadaye hukauka kwa kupasuka. Acha ukuta uwe na unene wa karibu milimita nane. Chetezo chembamba ni cha maonyesho. Makaa ya moto yanataka mwili.

Mguu hutengenezwa kwa bonge dogo la pili, lililofinyangwa kama kikombe kilichofudikizwa. Vipande vyote viwili viachwe saa kadhaa chini ya kitambaa hadi viwe vigumu kama ngozi ya kiatu: havibonyei vikishikwa, lakini kucha inaacha alama. Hapo ndipo vinapounganishwa. Kwaruza pande zote zitakazokutana kwa uma wa mezani, mistari ya kukingamana, upake rojo ya udongo uleule uliolainishwa kwa maji, ushindilie huku ukitikisa kidogo kushoto na kulia mpaka vikatae kusogea. Zungusha ukamba mwembamba wa udongo kwenye maungo na uusugue upotee. Maungo yaliyopakwa maji matupu bila kukwaruzwa huachana wakati wa kukauka. Toboa matundu machache karibu na mdomo kwa msumari ili makaa yapumue, na kazi ya siku imekwisha.

Kutoka kwenye kamba hadi mtungi

Baada ya vyetezo viwili vitatu, mikono huwa imeshajua udongo unataka nini, na mtungi huwezekana. Kitako chake hulazwa ndani ya bakuli la zamani lililotandikwa kitambaa au kunyunyiziwa majivu ili udongo usigande. Tandaza bapa nene la mviringo humo, lifuate umbo la bakuli. Ukiliweka bakuli juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, chenye mgongo wa duara, litazunguka kwa kusukumwa na kidole. Ukikosa kigae, zunguka wewe, kama Ladi Kwali.

Viringisha kamba za udongo zenye unene wa kidole. Zungusha ya kwanza kwenye ukingo wa kitako, na kabla ya kuweka ya pili isugue ndani kwa kuvuta udongo chini, na nje kwa kuusukuma juu, hadi mstari wa maungo upotee. Hapa ndipo uvivu unapoumbua watu. Kamba zilizopangwa tu moja juu ya nyingine, bila kusuguliwa vizuri, huonekana nzuri kwa macho, lakini motoni kila maungo ni mlango wa ufa. Ukitaka mtungi utanuke, weka kamba mpya kwenye ukingo wa nje wa iliyotangulia. Ukitaka ubane kuelekea shingoni, iweke kwenye ukingo wa ndani.

Wahenga walisema udongo upate uli maji, na kwa hakika ukikauka hausikii tena la mtu. Lakini mfinyanzi wa mtungi anajua nusu ya pili ambayo methali imeiacha: ukiwa maji mno, hauwezi kubeba uzito wake wenyewe. Baada ya kamba tatu au nne, simama. Funika mdomo kwa kitambaa chenye maji ili ubaki laini, acha sehemu ya chini ishike hewa saa moja au mbili, ndipo uendelee. Mtungi wa sentimita 30 ni kazi ya siku mbili, na nyingi katika saa hizo ni za kungoja.

Kwa kulainisha na kupunguza unene, vifaa vya jikoni vinatosha: kipande cha kibuyu kilichokatwa kwa umbo la nusu mwezi, gunzi la mahindi, ganda la kombe, kijiko. Gunzi likiviringishwa juu ya udongo mbichi huacha pia alama nzuri za vibonyeo vidogo, nalo halina gharama.

Kuhusu sahani na trei, njia ni fupi. Tandaza udongo kwa chupa kati ya vipande viwili vya mbao vyenye unene sawa, ulaze bapa juu ya sahani iliyofudikizwa, kata kingo. Tatizo la bapa ni kupinda wakati wa kukauka, kwa hiyo likishashika huwekwa kati ya mbao mbili zenye uzito mdogo juu yake.

Mapambo huja wakati udongo una ugumu wa ngozi. Mwenye kutaka mfano wa nyumbani asiende mbali. Wanaakiolojia wanaochimba kwenye magofu ya pwani, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji, huokota vigae vya kati ya karne ya 7 na ya 10 vilivyochorwa pembetatu zilizojazwa mistari chini ya mdomo. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa walioandika kuvihusu kwa kina. Upande wa Maziwa Makuu kuna vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali katika Siaya, Kenya, vya tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, vyenye mistari ya kukwaruzwa na vibonyeo vya kidole kwenye kitako. Vyote ni vya mkono. Kijiti kilichochongwa na mkono usiotetemeka vinatosha kurudia pembetatu hizo kwenye bega la mtungi.

Anayependa mng'ao asugue chombo kwa kokoto laini ya mtoni au mgongo wa kijiko, duara ndogondogo, wakati udongo umekaribia kukauka lakini bado ni wa baridi. Msuguo hulaza chembe za udongo na kuziba vinyweleo vya juu. Rangi za mafuta zisipakwe kwenye chombo cha chakula hata kidogo, na vioo vya kuyeyushwa juu ya vyungu, ambavyo haijulikani vina nini, visinunuliwe kienyeji, kwani baadhi vina risasi, sumu inayohamia kwenye vyakula vyenye ndimu, ukwaju au siki.

Wiki ya kutofanya kitu

Sasa chombo kimesimama mezani na mwenyewe ana hamu. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu haina la kufanya.

Siku mbili za kwanza kifunikwe kwa mfuko wa plastiki ulioachwa wazi kidogo. Mdomo na mishikio, ambavyo ni vyembamba, hukimbilia kukauka. Vifungiwe kitambaa chenye unyevu ili vingoje kitako. Mdomo ukishakuwa mgumu, chombo kifudikizwe ili kitako nacho kipate hewa. Siku ya tatu au ya nne plastiki iondolewe, chombo kibaki kivulini, mbali na dirisha lenye upepo. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hupasua chungu haraka kuliko jua. Dar es Salaam wakati wa masika tatizo ni kinyume: chombo kinaweza kukaa wiki tatu na bado kikawa na maji ndani.

Jicho halitoshi kuamua. Udongo hubadilika rangi na kuonekana mkavu siku nyingi kabla haujakauka. Tumia shavu. Kiweke chombo kwenye shavu asubuhi kabla jua halijapasha nyumba: kikiwa cha baridi kuliko vitu vingine mezani, maji bado yanatoka. Kikiwa na joto la kawaida kama la kikombe cha kabatini, kiko tayari. Ukitaka uhakika zaidi kiweke kwenye mizani ya jikoni siku mbili mfululizo. Uzito ukishaacha kupungua, maji yamekwisha.

Ufa mdogo uliotokea sasa hauzibwi kwa udongo mbichi, maana kiraka kitanywea na kubanduka. Chombo kikavu chenye ufa mkubwa kirudishwe ndooni. Ndani ya saa moja kitakuwa tope, na tope litakuwa chombo kingine. Hakuna kilichopotea isipokuwa muda.

Moto

Udongo mkavu bado si chungu. Ukitiwa maji hurudi tope. Hugeuka chungu pale maji yaliyofungwa ndani ya madini yake yanapofukuzwa na moto, kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Moto wa wazi wa kuni na nyasi hufika kati ya 600 na 900. Jiko la gesi na tanuri la kuokea mikate havifiki huko, na chombo "kilichookwa" jikoni kitayeyuka siku ya kwanza kutiwa chai.

Chagua siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua, uwanja wazi mbali na makuti, mabati ya jirani na nguo zilizoanikwa. Weka ndoo ya mchanga na ya maji karibu. Watoto wawe na mtu wa kuwaangalia.

Kazi huanza kwa kupasha. Panga vyombo kuuzunguka moto mdogo, nusu mita kutoka kwenye makaa, uvigeuze kila baada ya dakika chache kwa saa mbili nzima. Ndani ya mtungi weka nyasi kavu au makumbi machache yawake taratibu. Lengo ni kuvuka nyuzi 100 polepole, ili unyevu wa mwisho utoke kama jasho badala ya kulipuka. Chombo kilichoharakishwa hapa hutoa sauti kama ya bastola, na vigae vyake huruka na kuvunja majirani zake. Vyombo vikishakuwa vya moto kiasi cha kutoshikika, na ukikaribisha kioo au kisahani cha chuma juu ya mdomo hakifanyi umande, vinaweza kuingia.

Tandika kuni kavu, weka vyombo juu vikiwa vimefudikizwa, zungushia kuni nyembamba, makumbi ya nazi, vifuu au mavi makavu ya ng'ombe, kisha funika kote kwa nyasi na vigae vya zamani vinavyotunza joto. Washa upande unaotoka upepo. Moto upande wenyewe. Usiumwagie mafuta ya taa. Magharibi ni wakati mzuri, kwa kuwa giza huonyesha rangi: chombo kinachong'aa wekundu wa wazi kimefika karibu 700 na zaidi, kimeiva. Baada ya saa moja au mbili acha moto ufe na kila kitu kipoe humohumo hadi asubuhi. Wafinyanzi wazoefu wa sehemu nyingi za Afrika huvitoa vingali vyekundu na kuvinyunyizia maji ya magome ya miti ili kuziba vinyweleo. Anayeanza asiwaige. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadili ukubwa kwa ghafla, na chombo kilichopozwa upesi hupasuka hapo.

Mkazi wa mjini asiye na uwanja ana njia ya unga wa mbao. Jenga kisanduku cha matofali makavu bila saruji, kina cha magoti, ukiacha mianya midogo. Jaza unga wa mbao, zika vyombo ndani yake vikiwa vimejazwa unga huohuo, kila kimoja kikae mbali na mwenzake kwa upana wa kiganja. Washa kutoka juu, ukishaona unafuka sawasawa funika kwa bati. Utafukuta taratibu usiku kucha, pengine hadi kesho yake jioni, na vyombo vitatoka vyeusi, kwa kuwa kaboni ya moshi imeingia kwenye vinyweleo. Joto lake ni dogo kuliko la moto wa wazi, kwa hiyo njia hii ni ya chetezo na vyombo vya mapambo, si ya chungu cha kupikia. Unga wa mbao zilizotiwa dawa ya wadudu usitumike. Na jirani aambiwe mapema; moshi upo.

Kukitia chombo kazini

Kabla ya jambo lolote, kigonge, kama wafanyavyo wanunuzi wa Lyulilo.

Chetezo huwekwa tabaka la majivu chini, kisha makaa, kisha udi. Majivu hukilinda kitako kisipate joto la ghafla, na meza isiungue. Chungu cha kupikia kiloweshwe usiku kucha, kisha kichemshiwe uji mwepesi wa mchele au wa muhogo kwa moto mdogo na kuachwa kipoe nao ndani; wanga huziba vinyweleo, na baada ya kurudia mara mbili tatu kuvuja hupungua. Moto wake ni wa makaa, unaoanza mdogo. Hakitolewi jikoni na kutuliwa juu ya sakafu yenye maji. Hakioshwi kwa sabuni nyingi, maana kinainywa na kuirudisha kwenye mchuzi.

Mtungi wa maji hauzibwi chochote. Unapoa kwa sababu unatoa jasho: maji hupenya ukutani, hukauka kwa nje, na kukauka huko hubeba joto. Kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma au Garissa, kwenye hewa kavu, kuliko Lamu au Tanga ambako hewa tayari imeshiba unyevu. Uwekwe juu ya kigoda au kisahani, kivulini, penye hewa inayopita, na usuguliwe ndani kila wiki kwa maji ya moto.

Kama kuna mfinyanzi mzee karibu, saa moja kando yake itafundisha kuliko kurasa hizi. Watafiti Ingrid Herbich na Michael Dietler, walioishi na wafinyanzi wa Kiluo magharibi mwa Kenya, walieleza jinsi bi harusi anavyojifunza kazi hii kwa mama mkwe wake na wake wenzake baada ya kuolewa, hata kila kundi la wafinyanzi likawa na mtindo wake unaotambulika. Katika jamii nyingi za ukanda huu ni kazi ya wanawake, ingawa wafinyanzi wa Kabaka wa Buganda walikuwa wanaume. Nenda na shikamoo, nunua chungu kimoja kwa bei aliyoitaja, kisha omba kukaa na kutazama.

Na chetezo cha kwanza kikitoka motoni vipande vinne, usivitupe. Viponde, vichekeche, upime kikombe kimoja uchanganye kwenye vinne vya udongo wa chetezo cha pili.